Ushuhuda wa Mkebe wa Kijani

Nilisimama mbele ya kanisa Jumapili moja asubuhi, nikiwa nimevaa suti yangu ya kijivu, nikasema uongo. Haukuwa uongo wote. Ulikuwa na ukweli mwingi ndani yake, na labda ndiyo sababu ulitoka mdomoni kwa urahisi vile. Watu walipiga makofi. Baadhi yao ninaishi nao mtaa mmoja hapa Umoja, ninakutana nao dukani nikienda kununua maziwa, na hadi leo kuna wengine ambao nikiwaona kwa mbali navuka barabara.

Mimi ni karani mstaafu. Miaka mingi nilifanya kazi katika kampuni ya kusafirisha mizigo, nikiandika ni lori lipi limetoka na ni lipi limerudi. Nilitoka Ukambani nikiwa kijana, nikaoa, tukapata nyumba hapa Umoja, tukaiongezea vyumba kama majirani wote walivyofanya, na baadaye nikachaguliwa mzee wa kanisa. Nilikuwa mtu wa kutegemewa. Akitafutwa wa kushika funguo za ofisi ya kanisa, au wa kusimamia kamati ya mazishi, niliitwa mimi. Nilipenda kuitwa.

Ugonjwa wa sukari ulinipata nikiwa nimebakisha miaka michache nistaafu. Sikumwambia mtu ila mke wangu. Kwenye mikutano nilikataa soda na kusema tumbo linanisumbua. Nikiwa kazini tembe zangu nilizimeza chooni, bila maji, nikiwa nimeangalia ukuta. Sijui nilimwogopa nani. Nusu ya wanaume wa rika langu pale kanisani walikuwa na sukari au presha, na kila mmoja alijificha kivyake.

Kila baada ya miezi mitatu nilienda kliniki. Unafika alfajiri bila kula, unaweka kijitabu chako juu ya vijitabu vya wenzako, unakaa kwenye benchi, na benchi linasogea polepole hadi saa sita. Muuguzi aliyetuhudumia alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo, na kila mara kabla hatujaingia kwa daktari alitufundisha. Ukutani alikuwa ametundika mchoro wa mtu anayetokwa na jasho, mikono ikimtetemeka, macho yamelegea. "Huyu," alikuwa akisema akigonga mchoro ule kwa kalamu, "sukari yake imeshuka. Sukari ikipanda itakuua polepole. Ikishuka inaweza kukuua kabla chai haijachemka." Tulicheka. Niliucheka mchoro ule miaka mingi.

Mkebe wa kijani uliletwa nyumbani kwetu na mwanamke tuliyewahi kufanya kazi ofisi moja. Alikuwa amestaafu kabla yangu, na sasa alizunguka mitaani akiuza vidonge vya lishe. Alikuja Jumamosi mchana, akiwa amependeza, ngozi inang'aa, akaketi kwenye kochi letu na kutuonyesha picha kwenye simu. Mtu kabla ya kutumia, mtu baada ya kutumia. Ndani ya vile vidonge, alisema, kulikuwa na karela, uwatu, mdalasini na majani mengine ambayo majina yake hata yeye aliyasoma kwenye mkebe.

Mke wangu alimsikiliza hadi mwisho kisha akanigeukia. "Baba, si umuulize daktari kwanza?"

"Hii si dawa, mama," yule mgeni akamjibu kabla yangu. "Ni saplimenti. Ni chakula tu. Wewe ukipika sukuma wiki huwa unamuuliza daktari?"

Nilicheka. Jibu lile nilikuja kulitumia mimi mwenyewe mara nyingi, kana kwamba nililitunga.

Nikaanza kumeza viwili asubuhi, viwili jioni. Tembe za hospitali sikuziacha. Mke wangu aliniwekea kwenye kisahani kando ya kikombe kila asubuhi, nami nilizimeza pamoja na vile vidonge vya kijani, vyote kwa mkupuo mmoja. Wiki ya pili mashine ya kupimia sukari ilionyesha namba ambazo sikuwa nimeziona tangu niugue. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni aje aone. Niliandika namba zile kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Kisha mitetemo ikaanza.

Mara ya kwanza nilikuwa ofisini kanisani, napanga orodha ya zamu za usafi. Jasho lilinitoka ghafla, jasho baridi, shati likanata mgongoni. Kalamu ikawa inatembea yenyewe. Nilijaribu kusoma jina la mtu kwenye karatasi, mtu ninayemjua, na herufi zikakataa kukaa pamoja. Kulikuwa na mandazi yaliyobaki kwenye mkutano wa akina mama. Nilikula mawili kwa pupa, nikanywa chai iliyopoa yenye sukari nyingi, na baada ya robo saa nikawa mzima. Nilifuta makombo mezani. Nilijiambia ni uchovu.

Mara ya pili ilikuwa nyumbani, na mke wangu aliniona nimeshikilia mlango wa friji.

"Sukari imeshuka," alisema.

"Ni joto."

"Joto gani mwezi wa saba?"

Nilimpigia simu yule mwuzaji. Aliniambia kwa furaha kwamba hizo ni sumu zinazotoka mwilini, ni dalili nzuri, nisiache. Ninakumbuka nilivyofarijika. Lakini sikuamini. Nataka niliseme hili wazi, maana ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote: sikuamini. Nilikuwa nimeutazama ule mchoro wa kliniki miaka mingi. Nilijua jasho lile lilikuwa nini.

Siku ya kliniki ilipofika, muuguzi alifungua kijitabu changu, akapima, akaandika, akatabasamu. Hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. "Mzee, umefanya nini?"

"Najitahidi tu na chakula."

"Kuna kitu kingine unatumia? Mitishamba? Vidonge vya kununua?"

"Hapana."

"Unapata kizunguzungu? Jasho?"

"La."

Akawaita wagonjwa wenzangu waliokuwa kwenye benchi, akawaonyesha namba zangu. Mzee mmoja alinipa mkono. Nikatoka pale nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ushuhuda niliutoa Jumapili iliyofuata. Mchungaji aliuliza kama kuna aliyetendewa jambo, na miguu yangu ikanyanyuka. Nilianza vizuri. Nilikiri kwa mara ya kwanza hadharani kwamba nina ugonjwa wa sukari, na kulisikia lile kanisa likiguna kwa huruma kulinipa nguvu. Nikaeleza nilivyoletewa lishe ya majani aliyoumba Mungu mwenyewe. Nikataja namba. "Amina!" wakasema. Nikataja kliniki, muuguzi, wagonjwa waliopigwa na butwaa. "Amina!" Na sauti ikazidi kupanda, na mimi nikapanda nayo, nikasema, "Na zile tembe, ndugu zangu, Bwana ameziweka kando!"

Saa moja asubuhi ile nilikuwa nimezimeza na chai.

Sikupanga kulisema. Nimejaribu mara nyingi kutafuta ni wapi hasa lilipotokea, na ninachopata ni kwamba ushuhuda ulihitaji kumalizika hivyo. Mtu anayemeza tembe zake na kuongeza vidonge vingine hana hadithi ya kusimulia. Nilitazama upande wa mke wangu. Alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo, anageuza kurasa, na hatukuwa tunaimba.

Tulirudi nyumbani. Alipokwisha kuvua viatu ndipo akauliza, taratibu kabisa, "Asubuhi ulimeza nini kwenye kile kisahani?"

Nilienda kubadilisha nguo.

Lakini kabla hatujaondoka kanisani watu walikuwa wamenizunguka, wakiuliza jina la vidonge, wakiuliza vinapatikana wapi. Wa mwisho kunijia alikuwa fundi wa majoho. Alikuwa mjane, mama aliyetoka magharibi mwa nchi, mwenye kijiduka cha ushonaji karibu na soko. Majoho yote ya kwaya alishona yeye. Sifa yake ilikuwa kwamba hakuandika vipimo. Alikupima mara moja, na hata ukirudi baada ya miaka miwili alikuwa akikutazama tu na kusema, "Umeongezeka kiuno kidogo," kisha anakata kitambaa. Aliniheshimu sana. Mume wake alipofariki, mimi ndiye niliyesimamia kamati ya mazishi hadi mwili ukafika kwao salama, na tangu siku hiyo aliniita Mzee kwa namna ambayo wengine hawakuita.

Alisubiri wengine waishe. Alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mzee, mimi pia nina sukari. Miaka kumi na miwili."

"Sikujua, mama."

"Nani anajua?" Akacheka kidogo. "Sasa mimi kliniki wameniambia figo zimeanza kuchoka. Wakanipunguzia tembe. Hiyo lishe yako, mtu wa figo anaweza kutumia?"

"Si dawa, mama. Ni chakula. Wewe ukipika sukuma wiki huwa unamuuliza daktari?"

"Na tembe? Niache kama wewe?"

Hapo nilipewa nafasi. Ingetosha kusema, mama, mimi sijaacha. Badala yake nikajifanya mwenye busara. Nikamwambia asiharakishe kuacha, aanze na vyote viwili kwanza, mwili uzoee. Yaani nilimwagiza afanye kile hasa nilichokuwa nikikifanya kwa siri, nikimfanya aamini kwamba mimi nimekwisha vuka hatua hiyo.

"Na wewe havikukusumbua mahali popote? Hata mwanzoni?"

"Hata kidogo," nikasema.

Jioni nikamtumia mkebe mzima, mpya, kama zawadi. Nilijiona mtu mwema sana.

Zilipita kama wiki tatu. Nilimwona kanisani, akaninyooshea kidole gumba kutoka kwenye viti vya kwaya. Kisha Alhamisi moja mchana binti yake alimpigia simu mke wangu. Binti huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa pekee, anaishi Donholm na mume wake. Mteja alikuwa ameingia dukani kuchukua sare ya mtoto, akamkuta fundi ameegemeza kichwa juu ya cherehani. Alidhani amesinzia. Alimwita, akamgusa, akahisi jasho, akapiga kelele. Wenye vibanda jirani walimbeba hadi hospitalini. Huko walimtundikia dripu ya glukosi, akafumbua macho.

Kesho yake asubuhi mimi na mke wangu tulikwenda kumwona. Tulimkuta ameketi kitandani, ana uvimbe juu ya jicho pale alipogonga cherehani, lakini anazungumza, hata anatania. "Mzee, umekuja na kamati? Bado sijafa." Binti yake alikuwa kando, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Saa nne hivi daktari alipita. Alikuwa mwanamke kijana, anazungumza haraka. Alisoma karatasi zilizoning'inia kitandani, akakunja uso.

"Mama, mimi sielewi. Kliniki walikupunguzia tembe mwezi juzi. Kiasi cha tembe unachomeza sasa hakifai kushusha sukari hivi. Kuna kitu kingine unatumia? Chochote. Majani, chai, unga, vidonge vya kununua. Niambie, sitakugombeza."

Fundi alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu, labda kufumba na kufumbua. Kisha akamgeukia daktari.

"Ni tembe zangu tu, daktari."

"Una uhakika?"

"Tembe tu."

"Mimi humwekea tembe mwenyewe nikija," binti akaongeza. "Hakuna kingine."

Nilikuwa nimesimama mwisho wa kitanda, nimeshika chuma chake kilichopakwa rangi nyeupe. Rangi ilikuwa imebanduka mahali pa ukubwa wa sarafu, na nilipatazama hapo. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilihitaji kusema sentensi moja. Daktari aliandika kitu, akaondoka kwenda kitanda cha pili. Nami, badala ya kumfuata, nikasema, "Tuombe." Nikaomba. Niliomba kwa muda mrefu, nikaiombea mikono ya madaktari ipewe hekima.

Tulipotoka wodini mke wangu alinishika mkono. Hakuwa na kawaida ya kunishika mbele za watu.

"Yule mama amekusitiri," alisema. "Umemwona alivyokusitiri?"

"Nitazungumza na daktari. Acha amalize mzunguko wake."

"Nenda sasa."

"Ana shughuli. Nikimaliza kuongea na mchungaji kwa simu..."

"Usipoenda wewe nitaenda mimi, na mimi nitaeleza yote. Hata ya kisahani."

Nilisema nipe dakika kumi. Nilitaka kutafuta namna ya kulisema ambayo ingeniacha na heshima kidogo. Kweli nilikaa kwenye benchi nikitunga. "Daktari, nimekumbuka jambo..." Hapana. "Daktari, huenda mama huyu alisikia mahali fulani..." Nilikuwa bado natunga, na mke wangu amekwisha inuka aende mwenyewe, tuliposikia binti akimwita muuguzi kwa sauti ya juu. Tulirudi mbio. Fundi alikuwa amelala upande, macho yamegeuka, mguu mmoja unapiga godoro. Shuka lilikuwa limelowa.

Nikamwambia daktari. Nilimwambia nikiwa nimesimama katikati ya wodi, wagonjwa wengine wakisikia, bila hata neno moja kati ya yale niliyotunga. "Anatumia vidonge vya majani. Mimi ndiye niliyempa."

Binti alinitazama kama ambaye hajaelewa lugha. Kisha akauchukua mkoba wa mama yake kwenye kabati dogo la kando ya kitanda, akaumwaga wote juu ya kiti. Mkebe ulikuwemo. Baadaye tulijua kwamba asubuhi ile, alipoletewa chai, fundi alikuwa amemeza viwili vyake kama kawaida, maana nilikuwa nimemwambia asiruke hata siku moja.

Walimrudishia fahamu. Ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na baada ya hapo walimpima sukari kila saa hadi kesho yake. Daktari alipopata nafasi alinikuta kwenye benchi lile lile, akaketi kando yangu akiwa ameushika mkebe.

"Mzee, nikueleze ili uelewe, maana utarudi nyumbani na watu watakuuliza. Mimi sijui kilichomo humu ndani. Wameandika majani, lakini wengine huchanganya dawa kabisa ya sukari na hawaandiki. Hata kama ni majani tu, majani haya yanashusha sukari, na tembe zake zinashusha sukari. Vikikutana vinaishusha kupita kiasi. Mtu mwenye figo nzuri atatetemeka, atakunywa chai, atapona. Mama huyu figo zake hazitoi dawa haraka, kwa hivyo inabaki mwilini, inaendelea kushusha. Ndiyo maana tukimpa glukosi anapanda, kisha anaanguka tena. Tungejua jana, asubuhi hii asingemeza vingine. Tungejua hata leo saa nne, tungempima kila saa."

"Nilikuwepo ulipouliza," nikasema.

"Nilikuona."

"Hata mimi nimekuwa nikitetemeka. Wiki nyingi."

Alinigeukia. Nilidhani atanikasirikia. Alichofanya ni kutoa mashine mfukoni na kunichoma kidole hapo hapo. Namba ilikuwa ya chini. Akamwambia muuguzi aniletee chai yenye sukari, nami nikainywa nimeinamisha kichwa, huku binti wa fundi akipita mbele yangu mara mbili.

Fundi alirudi nyumbani baada ya wiki moja na nusu. Dawa zake zilibadilishwa, akafundishwa kujidunga sindano. Watu walisema amepona, na kwa macho alikuwa amepona. Lakini kuanguka kule kwa pili kulimwondolea kitu. Vipimo vyote alivyokuwa navyo kichwani vilipotea. Nilipokwenda dukani kumwomba msamaha, nilimkuta na daftari la shule, ameandika jina la mteja, bega, kifua, kiuno, urefu, na bado anampima tena kwa sababu hakuiamini namba aliyoandika. Joho moja la kwaya lilikuwa limetundikwa ukutani, mkono mmoja mfupi kuliko mwingine.

Nilimwambia yote. Kwamba sikuwahi kuacha tembe. Kwamba nilitetemeka tangu wiki ya pili. Kwamba aliponiuliza nilijua, nikasema hata kidogo.

Aliukunja utepe wa kupimia kidoleni.

"Mimi nilijua utamwambia daktari," alisema. "Ndiyo maana nilinyamaza. Nilifikiri, acha Mzee aseme mwenyewe, mimi nikisema nitamwaibisha. Nikawa nasubiri."

Afadhali angenitukana.

Binti yake hakunificha alichokuwa nacho moyoni. Alinikuta natoka dukani, akasimama mlangoni. "Mzee, mama alikuamini kuliko daktari. Kuliko hata mimi. Nilimwambia siku moja jasho lake si la kawaida, akaniambia Mzee angesema kama kuna shida." Nilimwambia samahani. Akasema, "Sawa," ile sawa ya mtu anayetaka upite.

Nilimwendea mchungaji nikamwomba nafasi ya kusimama tena mbele ya kanisa. Alifikiri, akasema si vizuri kuwavuruga watu, imani ya wengine ni changa, nimwachie Mungu. Ningetaka kuandika kwamba nilibishana naye. Nilishukuru. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, nikafika hadi nyumbani na wepesi wangu, na mke wangu aliponiuliza amesema nini nikamweleza, akaendelea kuchambua mchele. "Kwa hivyo wale wengine waendelee kumeza?" aliuliza.

Wengine walikuwa sita, ninaowajua. Niliwaandika kwenye karatasi, nikaenda nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa amekwisha tupa vidonge kwa sababu vilimwendesha tumbo. Wawili walishukuru, mmoja wao akahesabu jambo kichwani mwake, kisha akauliza, "Kwa hivyo ule ushuhuda?" Nikasema, "Haukuwa kweli." Kulisema mbele ya mtu mmoja, kwenye sebule yake, mtoto wake akiwa anafanya kazi ya shule mezani, ni kugumu kuliko mbele ya kanisa zima. Mzee mwingine, mwenye presha na moyo mbaya, alikataa kunisikiliza. Alisema shetani amenirudisha nyuma, yeye harudi. Nilimsihi angalau aende na mkebe wake kliniki. Mke wake, aliyekuwa nyuma yake, aliniashiria kwa kichwa kwamba ataupeleka. Waliobaki sikuwakuta, niliwapigia simu.

Baadaye nilisimama kanisani hata hivyo, wakati wa matangazo, baada ya tangazo la mkutano wa vijana. Sikuomba ruhusa. Nilisema mambo matatu: kwamba tembe zangu sijawahi kuziacha, kwamba vidonge nilivyovisifu viliniletea shida nikaificha, na kwamba mwenye ugonjwa wowote wa kudumu asimeze kitu cha kununua bila kukionyesha kliniki, hata kama kimeandikwa chakula. Nilikuwa nimepanga pia kumwomba fundi msamaha hadharani lakini niliketi kabla ya kulifikia hilo. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alikohoa, akatangaza wimbo. Mwezi uliofuata nilijiuzulu uzee wa kanisa, na hakuna aliyenizuia.

Kliniki nilimwambia muuguzi. Alichukua kijitabu changu, akarudi kwenye zile namba nzuri alizowaonyesha wenzangu, akachora mstari kando yake na kuandika maneno machache kwa mkono wake mkali. Hakunikemea. Alisema tu, "Mzee, niliwaambia watu wakuige." Sasa namba zangu ni za kawaida ya mgonjwa, zinapanda na kushuka, na ninamweleza kila kitu ninachotia mdomoni, hadi tangawizi.

Fundi bado anashona, kazi chache. Kwaya wameanza kupeleka majoho yao Shauri Moyo, kwa fundi mwingine, na hawakumwambia ni kwa nini, wala yeye hakuuliza. Tukikutana ananisalimia kwa mikono miwili, vile vile kama zamani, ananiuliza hali ya mke wangu. Binti yake hanisalimii. Wiki jana tulikutana langoni mwa shule anakofundisha, yeye anatoka, mimi napita na mkate. Nilivua kofia. Alipita akiangalia mbele, na nilisimama nikiwa bado nimeishika kofia hadi alipokata kona.